Kumfundisha Hesabu Nyumbani Mtoto Anayehitaji Vitu vya Kushika

Wako watoto wasomao vizuri, wasimuliao hadithi bila kusita, na wakitumwa dukani hurudi na kila kitu walichoagizwa. Lakini wakiwekewa mbele yao hesabu ya 52 – 27 huduwaa. Nyumbani watu huwa na maneno yao kwa mtoto wa namna hiyo: hana kichwa cha hesabu, ni mzito, hasikilizi. Shuleni hupewa zoezi lile lile tena, safari hii kwa sauti kubwa zaidi, na pengine kwa fimbo. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini mtoto huyo hukwama, na jambo gani laweza kufanywa nyumbani, kwa vitu visivyonunuliwa, ili apite pale alipokwamia.

Yameandikwa kwa ajili ya walimu wa shule za sekondari na wanafunzi wao, na huenda msomaji akastaajabu kwa nini. Sababu ni mbili. Kwanza, katika nyumba nyingi anayeombwa kumsaidia mtoto wa darasa la pili au la tatu si baba wala mama, bali ni kaka au dada aliyeko kidato cha pili. Pili, kasoro isiyorekebishwa katika darasa la tatu haifi. Hubadili sare tu, ikaja kuketi kidato cha kwanza.

Kosa lenye akili ndani yake

Tuanze na hesabu hiyo hiyo. Mtoto anaandika 52 juu na 27 chini, kisha anatoa jibu la 35. Mwenye haraka ataweka alama ya kosa na kuendelea. Lakini tukimwomba mtoto aifanye tena kwa sauti, tutamsikia akisema: saba toa mbili, tano, tano toa mbili, tatu. Yaani katika kila safu ametoa tarakimu ndogo katika tarakimu kubwa, bila kujali ipi iko juu na ipi iko chini. Hakubahatisha. Anafuata kanuni, tena kwa uaminifu mkubwa, ila kanuni yenyewe ameibuni mwenyewe. Mwaka 1978 watafiti wawili wa Marekani, John Seely Brown na Richard Burton, walichapisha uchunguzi wao juu ya makosa ya watoto katika hesabu za namna hii, wakaonyesha kwamba mengi hufuata kanuni potofu zenye utaratibu, hata mtu aweza kutabiri mtoto atakosea vipi katika hesabu ifuatayo. Jambo hili lina faida kubwa kwa anayefundisha: kabla ya kusahihisha, sikiliza.

Kwa nini mtoto abuni kanuni yake? Kwa sababu kwake 52 si idadi ya vitu. Ni tarakimu mbili zilizoketi pamoja, tano na mbili, kama herufi mbili katika neno asilolijua maana. Kumwambia kwamba ile tano "iko nafasi ya makumi" ni kumwongezea maneno ya kukariri juu ya yale aliyoshindwa kuyakariri. Haimpasi kuambiwa makumi. Yampasa kuyashika, kuyafunga na kuyafungua kwa mkono wake.

Ni mtoto gani huyu?

Mtoto anayehitaji vitu si wa aina moja. Yuko aliyekosa shule miezi mitatu kwa maradhi, darasa likampita. Yuko asiyeuona ubao sawasawa, au asiyesikia vizuri. Huyu apelekwe kupimwa kabla ya mengine yote, maana kijiti hakitibu jicho. Na yuko yule ambaye ubongo wake hupata tabu mahususi na idadi, ingawa katika mambo mengine ni mwerevu kabisa. Hali hii huitwa diskalkulia. Ladislav Košč, mwanasaikolojia wa Chekoslovakia, aliieleza kwa kirefu katika makala yaliyochapishwa mwaka 1974, akaitenga na udhaifu wa akili kwa jumla. Makadirio mengi ya siku hizi huwaweka watoto wa namna hii kati ya 3 na 7 katika kila 100. Hivyo mwalimu mwenye darasa la wanafunzi 60 hawezi kudai kwamba hajapata kukutana nao.

Mara nyingi mzazi huuliza kama njia ya vitu ni ya watoto dhaifu tu, akiona haya jirani asije akamkuta mwanawe wa miaka tisa akichezea vijiti. Historia inamjibu. Maria Montessori, daktari wa Kitaliano aliyeishi kuanzia mwaka 1870 hadi 1952, alianza kazi ya ualimu mjini Roma kwa watoto waliokuwa wamehesabiwa kuwa na upungufu wa akili. Yale aliyojifunza kwao ndiyo aliyoyaingiza katika shule ya watoto wa kawaida aliyoifungua mwaka 1907. Katika vifaa vyake mna shanga moja, mna ufito wa shanga kumi, mraba wa shanga mia, na mchemraba wa shanga elfu. Mtoto hubeba elfu moja kwa mikono miwili, akaona uzito wake. Naye Georges Cuisenaire, mwalimu wa Ubelgiji, alitoa mwaka 1952 kitabu juu ya vipande vyake vya mti vya rangi mbalimbali, vyenye urefu wa sentimita 1 hadi 10. Mwaka 1966 Jerome Bruner wa Marekani akaeleza kinadharia kile ambacho walimu hao walikuwa wakikifanya: kwamba ujuzi hupita katika tendo, kisha picha, kisha alama. Nchi ya Singapore iliuchukua mpangilio huo katika miaka ya 1980 na kuufanya msingi wa mafundisho yake ya hesabu kwa watoto wote. Tofauti baina ya watoto haimo katika njia bali katika mwendo. Wako wanaopita haraka mno hata tusione walipokanyaga, na wako wanaohitaji kuukanyaga kila udongo.

Shanga za Montessori ni ghali. Hatuna haja nazo.

Jicho na trei ya mayai

Mwaka 1871 William Stanley Jevons, mwanauchumi wa Uingereza, alifanya jaribio ambalo mwanafunzi yeyote aweza kulirudia leo jioni. Alirusha maharage katika kisanduku, akatupa jicho mara moja, akataja idadi kabla ya kuhesabu. Alifanya hivyo mara 1,027. Maharage yalipokuwa 3 au 4 hakukosea hata mara moja. Yalipofika 5 makosa yakaanza, na yakazidi kadiri maharage yalivyozidi. Naam, jicho la mtu mzima msomi lina mpaka, na mpaka huo uko karibu na nne.

Kwa hiyo tukimmwagia mtoto maharage 8 mkekani, tunamlazimisha ahesabu moja moja. Atahesabu leo, kesho na mwaka ujao, wala hataiona nane. Ili aione, lazima ipangwe. Na chombo cha kuipanga kimo jikoni. Trei ya kadibodi ya mayai 30 ina mistari 6 yenye vishimo 5 kila mmoja. Ikate kwa kisu upate vipande vitatu, kila kipande kikiwa na mistari miwili ya vishimo vitano. Kila kipande sasa ni kumi. Tafuta kete za bao, vizibo vya soda au kokwa za aina moja, moja kwa kila kishimo.

Weka kete 8 katika kipande: mstari mmoja umejaa, wa pili una tatu. Mtoto ataona nane bila kuhesabu, kwa kuwa ni tano na tatu. Na jambo kubwa zaidi, ataona vishimo viwili vitupu. Nane ni kumi kasoro mbili. Ujuzi huo wa "kasoro" ndio nusu ya hesabu za kujumlisha. Mpe sasa 8 + 5. Weka nane katika kipande cha kwanza na tano katika cha pili, kisha usiseme neno. Mwulize tu: unaweza kuijaza kumi? Atachukua mbili kutoka kwenye tano, atajaza vishimo vitupu, na kipande cha pili kitabakiwa na tatu. Kumi, na tatu.

Msaada wa lugha yetu, na mtego wake

Hapa Kiswahili kinamsaidia mtoto kuliko lugha nyingi kubwa za ulimwengu. Jina la jibu, kumi na tatu, ndilo maelezo ya jibu. Nilipokuwa masomoni Ujerumani nilistaajabu kuona watoto wa huko wakihangaika kuandika 21, kwa kuwa katika lugha yao husema moja kwanza, kisha ishirini. Sikio husikia moja, mkono huandika moja, na namba inageuka kuwa 12. Mtoto wa Kiswahili hana taabu hiyo. Kuanzia kumi na moja hadi kumi na tisa kila namba humfunulia kilichomo ndani yake.

Lakini ikifika ishirini pazia hushuka. Majina ya makumi tuliyapokea kutoka Kiarabu, na mtoto asiyejua Kiarabu hasikii mbili katika ishirini, wala tatu katika thelathini, wala nne katika arobaini, wala tano katika hamsini. Kisha kwa ghafla husikia sita katika sitini na saba katika sabini, kwa sababu sita na saba zenyewe zina asili ya Kiarabu. Nane hupotea tena katika themanini, na tisa hurejea katika tisini. Sisi tuliokwisha zoea hatuoni ajabu yoyote. Mtoto mwepesi naye hukariri akapita. Yule tunayemzungumzia hujikwaa papo hapo, wala hakuna anayejua kwamba amejikwaa katika lugha, si katika hesabu.

Dawa ni nyepesi. Kwa majuma machache mwache aseme makumi mawili, makumi matatu, makumi manne na tano. Ni Kiswahili sahihi, hakuna atakayedhurika. Kila akifunga fungu jipya aseme majina yote mawili, "makumi mawili, ishirini", mpaka yashikane.

Vijiti vya chelewa

Kwa namba zilizozidi ishirini trei haitoshi. Chukua ufagio mkuukuu wa chelewa, kata njiti zake vipande vya urefu wa kidole, zipatazo mia mbili na zaidi. Kata pia mpira wa baiskeli uliochakaa upate vitanzi vyembamba. Mtoto mwenyewe na ahesabu njiti kumi na kuzifunga kwa kitanzi. Usimfungie. Fungu alilopewa limekwisha kufungwa ni kitu kimoja tu kinene. Fungu alilolifunga mwenyewe ni kumi, kwa kuwa anakumbuka kidole kilivyouma.

Sasa turejee 52 – 27. Aweke mafungu matano na njiti mbili. Mwombe akupe njiti saba. Ataangalia zile mbili, atakuangalia wewe. Huo ndio wakati wa thamani kuliko wote, na walimu wengi huuharibu kwa kusema jibu. Nyamaza. Muda si muda mkono utakwenda kwenye fungu, na kitanzi kitafunguliwa. Sasa ana mafungu manne na njiti kumi na mbili; atakupa saba, zibaki tano; atakupa mafungu mawili, yabaki mawili. Ishirini na tano.

Shuleni tendo hili tuliliita "kukopa". Kwa maoni yangu neno hili limewapoteza watoto wengi. Anayekopa hulipa, na humu hakuna kinacholipwa. Tena anayekopa huchukua kwa mwingine, ilhali hapa hakuna mwingine. Hamsini na mbili ni ile ile, imebadili umbo tu, kama mtu aendaye dukani kuvunja noti ili apate sarafu. Tuseme basi "kufungua kumi".

Jambo moja halina budi kusisitizwa. Kalamu isisubiri mpaka vijiti vimalize kazi. Kila tendo la mkono liandikwe papo hapo: fungu likifunguliwa, ile 5 ikatwe na kuandikwa 4, na ile 2 igeuke 12. Watoto wengi huvitumia vijiti vizuri sana mkekani, kisha wakifungua daftari hurudia kanuni yao ya zamani, kana kwamba mkeka na daftari ni nchi mbili zisizo na mpaka wa pamoja. Nazo ni mbili kweli, mpaka atokee mtu wa kuziunganisha.

Hesabu itakayoonyesha kama ameelewa ni 203 – 68. Hapa ana mafungu mawili makubwa ya mia, kila moja likiwa na mafungu kumi ya kumi. Hana kumi lolote lililo peke yake. Ana njiti tatu. Anahitaji kutoa nane. Afungue nini, na hakuna kumi? Lazima afungue mia kwanza, apate makumi kumi. Kisha afungue kumi moja, abakiwe na makumi tisa na njiti kumi na tatu. Kumi na tatu toa nane, tano. Makumi tisa toa sita, matatu. Mia moja imebaki. Jibu ni 135. Nimewaona watu wazima walioikariri "sifuri inageuka tisa" kwa miaka thelathini pasipo kujua ni kwa nini. Mtoto aliyefungua mia kwa mkono wake hawezi kutoijua sababu.

Kazi ya kawa

Swali linaloulizwa na kila mwalimu ni hili: vitu viondolewe lini? Wako wanaoviondoa baada ya siku mbili, kwa kuona aibu. Wako wasioviondoa kabisa, na mtoto wa darasa la sita huendelea kuhesabu moja moja kwa vidole chini ya dawati. Pande zote mbili zinadhani kwamba kuna siku moja ya kuondoa. Haiko. Kuna kufunika.

Weka kete nane katika kipande cha trei, mtoto azione, kisha zifunike kwa kawa au bakuli lililofudikizwa. Weka nyingine tano pembeni, wazi. Mwulize jumla. Hawezi tena kuzigusa zile nane, lakini anajua zimo, na anajua zimekaaje: mstari mmoja umejaa, wa pili una vishimo viwili vitupu. Ataijaza kumi kwa mawazo. Akishindwa, funua kidogo, aone, funika tena. Siku nyingine funika zote mbili. Siku nyingine tena weka trei tupu, taja namba tu. Hatimaye trei yenyewe haipo, na mtoto hutazama dari akisogeza kete zisizokuwako. Jambo la namna hii hutokea Japani kwa watoto waliofunzwa soroban, yaani chombo chao cha kuhesabia kwa shanga: waliobobea huhesabu bila chombo, huku vidole vikichezacheza hewani juu ya shanga wanazoziona wao peke yao.

Picha hufanya kazi hiyo hiyo kwa vijiti. Mstari mrefu kwa kila kumi, nukta kwa kila moja, mraba kwa kila mia. Mtoto anapochora mstari na kuukata ili atoe nukta kumi, ameanza kuachana na vijiti, wala hakuna aliyemnyang'anya.

Vidole je? Visipigwe. Mtoto ahesabuye vidole anakuambia wazi anahitaji nini, nayo ni habari ya thamani. Mwonyeshe tu avitumie kwa tano na kumi: saba ni mkono mzima na viwili, si moja, mbili, tatu.

Vitu visivyosaidia

Ni kosa kudhani kwamba kila kitu kinachoshikika hufundisha. Maana haimo katika kijiti. Sisi tunaiona kumi katika fungu kwa sababu tunaijua tayari. Mtoto huona chelewa na mpira wa baiskeli. Ndiyo sababu maswali ya msaidizi, na ule mwandiko wa papo hapo, vina kazi kubwa kuliko vitu vyenyewe.

Tena vitu vizuri mno hudhuru. Pipi huliwa kabla ya kujumlishwa. Vikaragosi huanza kupigana. Hata fedha, ambazo kila mtu huzishauri kwanza, zina hila. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, Nicole McNeil na wenzake nchini Marekani waliona kwamba watoto waliopewa noti na sarafu zifananazo na za kweli walikosea zaidi kuliko wenzao, ingawa makosa yao yalikuwa machache kwa upande wa kuelewa maana ya swali. Na iko sababu nyingine, nayo ni ya kihisabati. Hapa Tanzania sarafu kumi za shilingi 100 zina thamani sawa na noti moja ya shilingi 1,000, lakini hakuna jicho liwezalo kuona hivyo. Noti ni nyepesi kuliko sarafu. Thamani yake ni makubaliano ya watu, wakati fungu la njiti kumi ni njiti kumi, serikali ikubali isikubali. Kwa hiyo fedha zije baadaye, mtoto akisha kuelewa kufunga na kufungua. Hapo zitakuwa daraja zuri la kumwonyesha kwamba alama ndogo yaweza kusimama badala ya vitu vingi.

Robo saa kwa siku yatosha, tena kabla ya chakula cha usiku, si baada yake.

Ukanda wa karatasi na mstatili

Walimu wa sekondari watasema kwamba wao hawana vijiti wala mkeka. Wana mtaala na wanafunzi hamsini. Hata hivyo, yale yaliyosemwa hapo juu yanawahusu kwa karibu, hasa katika sehemu. Wape wanafunzi wa kidato cha kwanza swali la nusu kujumlisha theluthi, yaani 1/2 + 1/3. Wako watakaoandika 2/5: juu kwa juu, chini kwa chini. Nao pia wanafuata kanuni ya kubuni, ndugu wa yule wa 52 – 27.

Vitabu hupenda kuonyesha sehemu kwa duara, kwa mfano wa chapati au keki. Mimi siipendi duara kwa kazi hii. Nusu na robo hukatika vizuri, lakini ni nani aliyepata kuikata chapati sehemu tano zilizo sawa? Ukanda wa karatasi wa urefu wa sentimita 12 ni bora. Nusu yake ni sentimita 6, theluthi yake ni sentimita 4. Zikiunganishwa ni sentimita 10 katika 12, yaani 5/6. Halafu mwanafunzi apime 2/5 ya ukanda huo: ni sentimita 4.8, pungufu ya nusu aliyoanza nayo. Amejumlisha, na akapata kidogo kuliko alichokuwa nacho! Mwache acheke mwenyewe.

Kugawanya kwa sehemu nako kuna jikoni kwake. Vipimo vyetu vya kale vilikuwa vya kupandana: vibaba viwili ni kisaga kimoja, vibaba vinne ni pishi moja, mtu akiuliza vibaba vingapi vimo katika pishi tatu, amegawanya kwa robo. Ukiwa na vikombe vitatu vya mchele, na kikopo kinachojaa kwa nusu kikombe, utachota mara ngapi? Mara sita. Basi 3 ÷ 1/2 = 6, na ile imani kwamba kugawanya hupunguza namba daima imekwisha bila mabishano.

Lililobaki ni kuzidisha, ambako njia ya vitu huwafikisha wanafunzi mbali kuliko wanavyodhani. Bao letu lina mistari minne ya vishimo vinane. Mtoto anayecheza bao ameketi mbele ya 4 × 8 kila siku, na kete zake 64 ni mara mbili ya vishimo hivyo 32. Zidisho lolote laweza kupangwa hivyo, kwa mistari, likawa mstatili. Mtoto asiyekumbuka 6 × 7 apange maharage mistari sita ya saba saba, kisha aweke kijiti chini ya mstari wa tano: juu ni 35, chini ni 7, jumla 42. Hakuhitaji kukumbuka, amejenga. Akiligeuza daftari upande, mistari sita ya saba imekuwa mistari saba ya sita, na nusu ya jedwali la kuzidisha haina haja ya kukaririwa.

Sasa chora mstatili wenye upande mmoja wa 14 na mwingine wa 12. Ukate kwa mistari miwili, ili 14 iwe 10 na 4, na 12 iwe 10 na 2. Vyumba vinne vinatokea: 100, 20, 40 na 8. Jumla ni 168. Mwanafunzi wa kidato cha pili anayelia na (x + 4)(x + 2) aonyeshwe mchoro huo huo, mahali pa 10 paandikwe x. Vyumba ni vile vile vinne: x², 2x, 4x na 8, jumla yake x² + 6x + 8. Akitaka kuhakiki, arudishe 10 mahali pa x: 100, 60 na 8, ambazo ni 168. Mwalimu aliye na nafasi ya kipindi kimoja na aanze kwa njiti za chelewa juu ya meza: mraba wa vipande mia, safu sita za kumi, na njiti nane zilizo peke yake, zipangwe mpaka zitimie mstatili. Wanafunzi waliokaa nyuma, wale ambao huwa hawanyoshi mkono, ndio watakaokuja mbele kuzipanga.